Mama Anavuja, Manesi Wanakunywa Chai

Manesi wa Houston walimtibu mama yangu miezi kadhaa bila hata mmoja wao kumgusa. Nikisema hivi damu bado inanichemka, ingawa ni mambo ya mwishoni mwa miaka ya tisini na baadhi yao wameshastaafu, wanapanda maua uani na kutumiana picha za wajukuu. Wacha wapande. Mimi sina haraka ya kusamehe.

Mama aliletwa Marekani na kaka yangu, kifungua mimba wake. Kaka alikuwa amejipatia kazi ya uhasibu, nyumba ya kupanga kule Sharpstown, Houston, na mke nesi. Huyo mke ndiye wifi yangu. Wifi alipokaribia kujifungua, kaka akakumbuka ghafla kwamba ana mama mjane huko Mombasa na kwamba anampenda kupita kiasi. Mapenzi ya namna hiyo mnayajua. Huanza mimba ikiwa ya miezi saba na huja na viza. Mama akafunika cherehani yake, akaipangisha nyumba yake ya Changamwe, akapanda ndege.

Mtoto akazaliwa, wa kike, na Mama akageuka yaya. Wifi alirudi kazini upesi, shifti za mchana kutwa na nyingine za usiku kucha, na Mama ndiye aliyemwogesha mtoto, akamlisha, akamwimbia, akapika, akafua, akapiga pasi hata soksi za kaka. Watu wakimuuliza kaka habari za mama yake, alijibu, "Yupo, anapumzika." Anapumzika! Ningependa siku moja kaka naye apumzike vile.

Sharti mjue mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Alifundisha ushonaji wasichana kwa miaka mingi, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona na upindo uliofumuka. Leso zake zilipigwa pasi zikakunjwa pembe kwa pembe. Alikuwa mstari wa mbele katika kwaya ya akina mama, na wakati wa kuimba alisimama wima utadhani anapimwa urefu. Usafi kwake ulikuwa nusu ya dini.

Sasa Houston ina ugonjwa wake wa kukaribisha wageni. Mwaka wa kwanza haukupati. Mwaka wa pili, ukifika mwezi wa tatu, miti inamwaga ile poda ya njano, magari yote yanageuka rangi, na wewe unapiga chafya mpaka mbavu zinauma. Mama ukampata. Wifi akaja na chupa kubwa ya vidonge vya aleji, vile vinavyouzwa dukani bila cheti cha daktari, akamwambia ameze asubuhi na ameze kabla ya kulala. Mama alikuwa mtiifu kwa watu wa hospitali. Akameza.

Wakati huo mimi nilikuwa naishi Arlington, karibu na Dallas, na nafanya kazi Plano, kwenye ofisi moja kubwa, nakaa mbele ya kompyuta siku nzima. Kwa wifi na wenzake hiyo haikuwa kazi. Mtu asiyevaa sare ya nesi walimwona hajaja Marekani bado. Basi siku moja wifi akanipigia simu na sauti ya mtu anayetoa taarifa ya wodi.

"Mama ana-leak."

"Ana-leak nini?"

"Mkojo, my dear. Ame-leak kwenye kochi langu."

Nikajua hapo hapo kwamba mgonjwa aliyekuwa anaugulia moyoni mwake ni kochi. Lilikuwa kochi la rangi ya maziwa, jipya, na wifi alilitaja mara nyingi kuliko alivyomtaja Mama. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema wiki kadhaa. Nikamuuliza ni kwa nini.

"Ni umri. Halafu amezaa watoto saba, unatarajia nini? Misuli imelegea. Akipiga chafya, inatoka."

"Umemwangalia?"

"Ebo! Nimwangalie vipi, na ni mkwe wangu?"

Hapo nilimpa haki yake. Kwetu mke wa mwana hamwoni mama mkwe akiwa uchi, labda siku ya kumwosha maiti, na hata siku hiyo kuna wanaokataa. Sawa. Nikamwambia, basi mpelekeni kwa daktari asiye mkwe wa mtu. Akacheka kile kicheko cha puani. "Daktari wa nini? Sisi wenyewe si ni watu wa medical?"

Kwa kuwa walikuwa watu wa medical, walimvisha Mama nepi za watu wazima. Wakamwondoa kwenye kochi wakampa kiti cha mbao cha jikoni. Na kwa kuwa chafya ndiyo iliyoonekana kuwa mchawi, wifi akaongeza vidonge vya aleji, ili Mama asipige chafya, ili asivuje. Mantiki safi kabisa. Mama akaacha kupiga chafya. Akavuja zaidi.

Ndipo lilipoingia baraza lenyewe. Wifi alikuwa na kikundi cha akina mama waliokutana Jumamosi kwa maombi, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Wakenya wote, na katika kikundi hicho asiyekuwa nesi alikuwa anasomea unesi. Walianza kwa wimbo, wakaomba, wakasoma mistari miwili mitatu, halafu zikaja sambusa na chai ya maziwa, na baada ya hapo kazi halisi ya kikundi ilianza, yaani kutibiana. Mtu alitaja goti lake, na goti likajadiliwa mpaka chai ikapoa. Mwingine alitaja presha ya shemeji yake aliyeko Nakuru, na shemeji akabadilishiwa dawa pale pale bila habari. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawa kila mmoja alikuwa nahodha na hapakuwa na hata baharia.

Wifi akawapelekea habari za Mama. Mmoja akasema si misuli, ni kibofu chenye papara, kinachobana kabla hakijajaa. Alikuwa na dawa yake, vidonge vilivyobaki vya shangazi yake, chupa karibu ijae. Akavileta Jumamosi iliyofuata kwenye mfuko wa zawadi, na utepe juu. Mama akaanza kumeza na hivyo.

Wiki chache zilizofuata Mama alikauka mdomo mpaka akawa anashindwa kuimba. Choo kikubwa kikafunga. Mkojo wenyewe haukusikia dawa, ukazidi kuchuruzika mchana na usiku. Halafu akaanza kupotea. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita mjukuu kwa jina langu. Siku moja alimuuliza kaka kama baba yetu amerudi kutoka kazini, na baba yetu tulimzika zamani. Baraza likakaa tena, likatoa hukumu: ugonjwa wa kusahau umeanza, na mkojo ulikuwa dalili yake tangu mwanzo. Mambo yote yakaungana vizuri. Uongo ukishakubaliwa na watu wengi huwa hauna kona.

Kaka akanipigia. "Tumemkatia Mama tiketi. Mwisho wa mwezi anarudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Nyumba yake ina mpangaji."

"Watu wapo. Kule kuna msaada. Hapa sisi tuko bize, unajua maisha ya huku."

Nilitaka kumuuliza maisha ya huku yalikuwa wapi wakati Mama akimpigia pasi soksi, lakini nilimwambia tu anipe Mama. Mama akashika simu. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimetulia.

"Mwanangu," akasema polepole, nadhani wifi alikuwa karibu, "usiwaache wanirudishe hivi. Kwaya yote itakuja uwanja wa ndege kunipokea. Watakuja na nyimbo. Mimi nitatoka pale ndani nimevaa nepi, nanuka, sijui hata nani ni nani? Afadhali nife huku wanizike na watu wasionijua."

Nililia nikiwa kazini, chooni, kama mtoto wa shule. Halafu nikanawa uso. Jumamosi hiyo nikaingia garini asubuhi na mapema nikateremka Houston.

Nikalikuta baraza limeketi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya nyumba ya kaka, na walikuwa wameshamaliza kuomba. Kochi la maziwa limejaa makalio ya manesi. Mama yuko pembeni, mpakani mwa sebule na jikoni, kwenye kiti chake cha mbao, leso imefungwa vibaya. Sikuwahi kuiona leso ya mama yangu imefungwa vibaya. Nikamsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama muda kidogo, halafu akanitambua na akanishika mkono hakuuachia.

Na pale pale, huyo Mama amekaa, wakawa wanamjadili. Kiingereza na Kiswahili, vimechanganywa kama pilau. Mmoja anasema akatwe, kuna operesheni ya kufunga kibofu kwa utepe. Mwingine anasema haifai, umri umekwenda. Wa tatu, ambaye alikuwa bado anasoma na alikuwa amefaulu mtihani mmoja juzi, akasema dozi iongezwe. Yule mwenye shangazi akakubali, akasema anaweza kupata chupa nyingine. Mama alikuwa anawasikia. Alifundisha shule miaka yote ile, Kiingereza alikijua kuliko nusu yao.

Nikasema, "Samahani. Naomba niulize. Ni nani hapa amempima?"

Mmoja akacheka kwa heshima.

"Sasa dada, Mama ni mama yetu sote. Utamvuaje Mama?"

"Basi nani amemshika hata tumbo? Juu ya nguo?"

"Aa, jamani," akasema wifi. "Usituaibishe."

"Nani amemuuliza yeye mwenyewe inatoka vipi?"

Hilo nalo lilikuwa gumu. Maana nesi wa kwetu, mgeni akiwa kitandani hospitalini, atamuuliza mkojo una rangi gani huku anatafuna chingamu. Mzungu atageuzwa, atafunuliwa, atafutwa, bila haya. Lakini mama mtu mzima wa kwao, aliyewakaribisha kwa chai, huyo wanamwonea haya kumtajia mkojo usoni. Ila kumtajia mbele ya watu kumi wengine, hapo haya hakuna. Heshima gani hiyo? Hiyo ni heshima ya kochi.

Nikapanda juu nikafungasha nguo za Mama. Nikachukua na zile chupa mbili za dawa, kwa hasira tu, ili wasibaki nazo. Kaka akanifuata hadi kwenye ngazi, sambusa mkononi.

"Unatutia aibu mbele ya wageni. Tiketi imeshakatwa, siku zenyewe zimebaki chache."

"Zitatosha," nikamwambia, ingawa sikuwa na hakika ya kitu chochote.

Nikamweka Mama garini, kiti cha mbele, tukashika barabara ya kwenda Dallas. Tulisimama karibu kila kituo cha mafuta. Kila mara nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa choo, nikangoja, na nikasikia kimya. Anakaa, anakaa, vinatoka vitone, basi. Anatoka, tunaendelea, na kabla ya kituo kinachofuata ameshalowa.

"Mama, si umetoka chooni sasa hivi?"

"Nimetoka, lakini hautoki, mwanangu. Nauita hauji. Nikishaketi zangu nimetulia, unakuja wenyewe kidogo kidogo. Na tumbo hapa chini limenijaa siku zote, zito."

"Uliwaambia hivyo?"

Mama akageuza uso dirishani, akatazama ng'ombe wa watu.

"Nani aliniuliza?"

Jumatatu sikwenda kazini. Mwenzangu wa ofisini alikuwa amenielekeza kwa daktari mmoja wa kina mama pale Arlington, mwanamke wa Kizungu, mzaliwa wa hapo hapo Texas, kucha fupi, uso wa mtu aliyenyimwa usingizi. Hakuniambia karibu. Sikumpenda. Nilianza kumweleza habari ya Mama, umri, watoto saba, chafya, nikijisikia na mimi nimekuwa mjumbe wa baraza. Akanyoosha kiganja kuninyamazisha.

"Anaongea Kiingereza?"

"Anaongea."

"Basi ataniambia mwenyewe."

Akavuta kigoda akaketi chini kidogo ya Mama, akamuuliza. Unavuja ukikohoa? Unavuja ukiwa umelala? Unasikia kubanwa, au unashtukia tu umelowa? Ukienda chooni, unaanza upesi au unasubiri? Ukimaliza, unahisi umemaliza? Mama alijibu kimoja kimoja, Kiingereza chake cha darasani kimenyooka, na nilimwona mgongo unarudi kunyooka pia. Tangu ugonjwa uanze ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.

Ilipofika kupanda kitandani, daktari akaniambia naweza kutoka. Nikamtazama Mama. Mimi ni mwanawe wa kike, na sisi pia tuna haya zetu.

"Kaa," Mama akasema. "Mficha uchi hazai."

Nikakaa upande wa kichwa chake, macho ukutani, mkono wake mkononi mwangu. Daktari akamwambia akohoe kwa nguvu. Akakohoa. Akohoe tena, amesimama. Hakikutoka hata kitone. Akasema misuli ya huyu mama si mibaya kwa mtu aliyezaa saba, na kizazi hakijashuka. Akampapasa miguu na nyayo kuona kama anahisi. Halafu akaweka mkono chini ya kitovu, akabonyeza, akagonga na vidole, na uso wake ukabadilika. Akanishika mkono bila kuniomba ruhusa, akauweka pale. Palikuwa pagumu, pameinuka, kama mimba changa.

"Mpeleke chooni," akasema. "Atoe anachoweza."

Mama akaenda, akatoa vitone vyake. Aliporudi, daktari akamtia mpira wa mkojo, ule mrija mwembamba. Mkojo ukaanza kutoka, na mimi nikangoja uishe. Hauishi. Chombo kikajaa, nesi akaleta kingine. Mama alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, na anasema, "Asante Yesu, asante Yesu," kwa sauti ndogo. Nilidhani anaumia. Alikuwa anapata nafuu.

Walipima mkojo huo kama una maambukizo, wakampima na sukari. Vyote safi. Daktari akageuka kwangu.

"Anameza nini?"

Nikafungua mkoba, nikatoa zile chupa mbili. Akazisoma. Akasoma tena ile ya pili, iliyokuwa na jina la mtu mwingine.

"Nani amempa hivi?"

"Manesi," nikasema.

Sitayaandika aliyoyasema, ila aliyasema taratibu na bila kupaza sauti. Halafu akatueleza, na maelezo yenyewe hayakuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Kibofu cha Mama hakikuwa kimelegea wala hakikuwa na papara. Kilikuwa kimejaa pomoni na hakiwezi kubana ili kimwage, kwa hiyo kinafurika tu, tone kwa tone. Vidonge vya aleji hufanya hivyo kwa wazee wengine, huzubaisha kibofu, na Mama alikuwa anavimeza kama karanga. Vile vya pili vilitengenezwa kwa ajili ya kibofu kinachobana ovyo, yaani kazi yake ni kuzubaisha hicho hicho kilichokwisha zubaa. Choo kilichofunga kilikuwa kinabana njia kutoka nyuma. Na dawa zote mbili zikikutana kwenye mwili wa mtu mzima, hupanda kichwani. Ule usahaulifu, akasema, tungoje tuone kama ni wake au ni wa chupa.

Mambo yenyewe ndiyo hayo. Mkono juu ya tumbo, kikohozi, mrija, na maswali ambayo hata mtoto angeuliza. Wote kwenye lile kochi walijua hivyo vitu, wanavifanya kila siku kwa watu baki, wanalipwa. Lakini kwa mama yangu, waliyemwita mama yao, wakaona bora wapige ramli. Debe tupu haliachi kuvuma, na wale hata hawakuwa tupu. Walikuwa wamejaa, hawakutaka tu kumwaga.

Tukaacha vidonge vyote. Mama akakaa na mpira siku kadhaa, na daktari akampa dawa ya kulainisha choo. Mpira ulipotolewa nilimngoja nje ya mlango wa choo pale kliniki nikiwa nimesimama mguu mmoja. Nikausikia. Mkojo wa mtu mzima, unaopiga maji kwa sauti. Sikuwahi kudhani nitafurahi kusikia kitu kama hicho. Daktari akapima kilichobaki ndani, akatingisha kichwa kukubali, na akatuaga bila kutabasamu. Nikampenda kwa nguvu, huyo mama mkali.

Kichwa nacho kikarudi. Nilijua kimerudi asubuhi moja Mama alipolitazama shati langu nililovaa kwenda kazini, akasema, "Hilo umelipiga pasi au umelikalia?" Nikalivua nikampa.

Nikampigia kaka. Nilimweleza yote, chupa kwa chupa, nikitarajia angalau kimya cha aibu. Nyuma yake wifi akadakia, "Mimi nilisema tangu mwanzo inaweza kuwa ni dawa!" Loo! Alisema kwa nani, kwa kochi? Wiki ile ile nikasikia kikundi kimetoa ushuhuda kwamba Mama amepona kwa maombi ya Jumamosi. Mungu ana kazi, jamani. Kusingiziwa kila siku.

Tiketi ikafutwa upesi sana. Sababu haikuchelewa kujulikana. Wifi alikuwa amekosa mtu wa kukaa na mtoto, na shifti hazingoji. "Kwa kuwa amepona," kaka akasema, "tutakuja Jumamosi kumchukua." Nilimwambia Mama asiende. Nilimwambia watu wale hawamtaki yeye, wanataka mikono yake.

"Najua," akasema. "Lakini yule ni mwanangu. Na mtoto atakuwa ananilia. Kama wananipokea kama mtu, nitakwenda."

Jumamosi akavaa gauni lake la kijani aliloshona mwenyewe, leso imekunjwa pembe kwa pembe begani, viatu vimepigwa rangi. Sanduku nililishusha mimi. Kaka na wifi wakaja na maua ya supamaketi, bei bado imebandikwa. Wakamkumbatia. Mama akamkumbatia wifi pia, kwa moyo, nilimwona. Kaka akafungua mlango wa nyuma wa gari ili mama yake aingie.

Kiti kilikuwa kimetandikwa nailoni. Pazia la bafuni, la samaki wa buluu, limekunjwa mara mbili na kuchomekwa vizuri kwenye pembe zote ili lisiteleze. Hapakuwa na mtu aliyelitaja. Wifi alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Mama alisimama pale na mkono juu ya mlango. Alitazama wale samaki. Aliponyanyua uso, hakumtazama wifi, alimtazama kaka.

"Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia," akamwambia. "Ulinikojolea asubuhi, mchana na jioni. Nilitandika nailoni siku gani?"

Kaka akaanza kulichomoa lile pazia kwa haraka, anavuta upande huu, limekwama upande ule, anasema, "Mama, ni, tulidhani tu, safari ni ndefu." Mama hakungoja amalize. Akaniomba nimrudishie sanduku ndani, akapanda ngazi polepole, na nikamsikia anafungua maji jikoni ili ateleke chai.